Mbona Tafiti za Maoni Zilimpa Tom Bradley Ushindi Ambao Hakuupata?

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1982, vituo vya kupigia kura vilipofungwa kote California, Mervin Field, mtafiti wa maoni aliyeaminika kuliko wote jimboni humo, alitoa utabiri kwamba Tom Bradley ndiye gavana mpya. Hakuwa amepiga ramli. Utafiti wake wa mwisho kabla ya uchaguzi ulimweka Bradley mbele kwa pointi 7, na siku yenyewe ya kura watu wake walikuwa wamewahoji wapiga kura wakitoka vituoni. Gazeti la San Francisco Chronicle likachapa toleo lake la mapema likiwa na kichwa cha habari kilichomtabiria Bradley ushindi. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, gavana alikuwa George Deukmejian. Kati ya kura zinazokaribia milioni 7.9, alimzidi mwenzake kwa kura kama 93,000 tu: asilimia 49.3 kwa 48.1.

Bradley, wa Chama cha Democrat, alikuwa Mmarekani Mweusi. Deukmejian, wa Chama cha Republican, alikuwa Mweupe, mtoto wa wahamiaji Waarmenia. Maelezo hayakuchelewa kupatikana: wapiga kura Weupe waliwaambia wahoji kwamba watamchagua Bradley kwa kuona haya kuonekana wabaguzi, kisha walipobaki peke yao na karatasi ya kura wakafanya walilokuwa nalo moyoni. Jambo hilo likapewa jina lake, likaitwa "athari ya Bradley". Tangu hapo, kila mgombea Mweusi anapoongoza katika tafiti za Marekani, kuna mtu atakayesema subirini kwanza, watu hawasemi kweli. Hata sisi huku tuliisikia sana mwaka 2008, tulipokesha tukifuatilia habari za mtoto wa mtu wa Kogelo, Siaya. Wengi tulikuwa tunaziangalia zile asilimia za Obama huku tukiogopa kuziamini.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo umeviringishwa pamoja na mambo mengine manne matano, na kwa bahati mbaya mfano uliolipa jambo hili jina ndio unaoonyesha vizuri zaidi yale mambo mengine.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinaweza kutuchanganya hapa. "Kura ya maoni" tunaitumia kwa mambo matatu: wananchi wote kuamua juu ya katiba, wanachama kuchuja wagombea ndani ya chama (wana-CCM wanalijua hili vizuri), na watafiti kuuliza watu elfu moja au mbili wanamtaka nani. Ninachozungumzia ni hicho cha tatu, na nitakiita utafiti wa maoni, kwa sababu humo hakuna kura. Kura hupigwa ukiwa peke yako, hakuna anayekutazama, na ukishaitumbukiza sandukuni haina jina lako. Utafiti ni mazungumzo na mtu usiyemjua. Amekupigia simu wakati wa chakula au amesimama mlangoni kwako na karatasi zake, ana sauti, ana lafudhi, ana jina, na mara nyingi ana sura. Anachokiandika ni kile ulichochagua kumwambia yeye, saa ile.

Yeyote aliyewahi kuzunguka nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi anajua jambo hili bila kufundishwa. Ukimuuliza mtu ana kuku wangapi, jibu linategemea anadhani umetumwa na nani. Ukimuuliza kama mume wake humpiga, na mume amekaa pale barazani, unajua kabisa jibu utakaloandika halina thamani. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Mtafiti wa maoni anaingia kwenye msitu huo na tochi ndogo, kisha anatakiwa atoke na asilimia.

Sasa, je, tuna ushahidi wowote kwamba rangi ya ngozi hubadilisha majibu, mbali na hisia zetu? Tunao, na mzuri kuliko wote unatoka Virginia mwaka 1989. Huko Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, alikuwa anagombea ugavana dhidi ya Marshall Coleman, Mweupe wa Chama cha Republican. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapigia watu simu kabla ya uchaguzi, na miongoni mwa wahoji wao walikuwamo Weusi na Weupe. Walipotenganisha majibu waliona kwamba wahojiwa Weupe waliozungumza na mhoji Mweusi walielekea kusema watamchagua Wilder zaidi ya Weupe wenzao waliozungumza na mhoji Mweupe, na tofauti ilikuwa pointi 8 hadi 11. Hii ilikuwa simu tu. Sauti peke yake ilitosha mtu akisie anaongea na nani, na akisha kukisia, adabu ikafanya kazi yake.

Matokeo ya uchaguzi ule nayo yana uzito. Wilder alikuwa akiongoza katika tafiti za siku za mwisho, na uchunguzi wa kuwahoji watu wakitoka vituoni ukamwonyesha mbele kwa pointi 10. Alishinda, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana wa jimbo lolote nchini humo, lakini kwa kura zisizofika 7,000 katika kura karibu milioni 1.8. Zile pointi 10 ni za kutafakari. Mtu anayehojiwa akitoka kituoni hawezi kubadili mawazo baadaye, kwa kuwa kura ameshapiga. Akitaja jina ambalo hakulichagua, hapo kweli amedanganya. Uwezekano mwingine ni kwamba waliomchagua Coleman walimpita mhoji bila kusimama. Kwa vyovyote, kitu kilichofichwa pale si kuchelewa kuamua.

Watafiti wa saikolojia ya siasa nao walitafuta njia ya kuupita mlango wa aibu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 1991 waliwagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza walisomewa mambo matatu yanayoweza kumuudhi mtu: serikali kupandisha kodi ya petroli, wanamichezo kulipwa mamilioni, kampuni kubwa kuchafua mazingira. Wakaulizwa ni mangapi kati ya hayo yanawaudhi. Hawakuulizwa ni yapi, waliulizwa mangapi tu. Kundi la pili walisomewa yale yale matatu na la nne likaongezwa: familia ya Weusi kuhamia nyumba ya jirani. Hakuna mhoji anayeweza kujua wewe binafsi umehesabu lipi, kwa hiyo huna cha kuona haya. Lakini ukichukua wastani wa kundi la pili ukatoa wastani wa kundi la kwanza, unapata kiasi cha watu walioudhiwa na lile la nne. Kwa Weupe wa majimbo ya Kusini, hasira iliyojitokeza kwa njia hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile waliyokuwa wakiikiri kwa midomo yao. Mimi naliona hili kuwa mojawapo ya mambo ya kiungwana kabisa katika taaluma nzima: linampa mtu nafasi ya kusema kweli bila kumvua nguo.

Kwa hiyo uongo upo. Lakini utafiti unaweza kupotoka vibaya sana bila mtu hata mmoja kudanganya, na hapa ndipo mazungumzo mengi yanapoharibika.

Chukua mfano wa kubuni. Watu 1,000 wamehojiwa. Wanaomtaka mgombea Mweusi ni 480, wanaomtaka Mweupe ni 410, na 110 wanasema bado hawajaamua. Magazeti yataandika kwamba mgombea Mweusi anaongoza kwa pointi 7, na watu watalala wakiamini mambo yamekwisha. Siku ya kura inafika. Wale 480 wote wanafanya walichosema. Wale 410 nao hivyo hivyo. Wale 110 wanagawanyika: 90 wanakwenda kwa Mweupe na 20 kwa Mweusi. Matokeo ni 500 kwa 500. Uongozi wote umeyeyuka na hakuna aliyesema uongo, labda tu wachache waliosema "sijaamua" huku wameamua zamani. Kunyamaza ni rahisi kuliko kudanganya, na hakumgharimu mtu chochote. Mtu mwenye haya hatamtaja asiyemtaka. Atasema tu kwamba bado anafikiria.

Ndiyo maana anayesoma matokeo ya tafiti hizi anatakiwa kuangalia asilimia za kila mgombea peke yake kabla ya kuangalia pengo kati yao. Mara nyingi katika chaguzi za aina hii asilimia ya mgombea Mweusi ndani ya utafiti ilikuwa karibu sawa na aliyopata kwenye sanduku. Iliyokosewa ilikuwa ya mpinzani wake, ambaye alipata kuliko ilivyotazamiwa. Kama Weupe wangekuwa wanadanganya kwa wingi kwamba watamchagua Mweusi, basi asilimia ya Mweusi ndiyo ingeporomoka.

Turudi California sasa, kwa sababu nadhani Wacalifornia wa 1982 wamehukumiwa kwa haraka, na Bradley mwenyewe amepunguzwa akawa jina la kosa la hesabu.

Alizaliwa Calvert, Texas, mwaka 1917, mtoto wa wakulima waliolima ardhi ya watu kwa kugawana mazao. Alikuwa polisi wa Los Angeles zaidi ya miaka 20, akafika cheo cha luteni, akasomea sheria huku akifanya kazi, akaingia baraza la jiji mwaka 1963. Mwaka 1969 aligombea umeya. Aliongoza duru ya kwanza, tafiti zikampa matumaini, kisha akashindwa na Sam Yorty baada ya kampeni iliyowatisha Weupe waziwazi kwamba jiji litatekwa na wenye siasa kali. Mwaka 1973 akarudi akamshinda Yorty yule yule, katika jiji ambalo Weusi hawakufika moja ya tano ya wakazi. Akakaa miaka 20. Kwa hiyo alipogombea ugavana mwaka 1982 hakuwa mtu mgeni. Weupe wa Los Angeles walikuwa wamemchagua na kumrudisha, na walijua anafanyaje kazi.

Nini kilitokea basi? Kwanza, kura za posta. California ilikuwa imebadilisha sheria mwaka 1978, ikamruhusu mpiga kura yeyote kuomba kura ya posta bila kutoa sababu. Chama cha Republican kiliona mwanya huo mapema, kikawatumia wafuasi wake fomu za maombi majumbani. Watu hao walipiga kura siku nyingi kabla, wakiwa jikoni kwao. Novemba 2 hawakuwapo kwenye foleni ya kituo chochote, na wahoji wa Field waliosimama nje ya vituo hawakuwa na namna ya kukutana nao. Kura zilizopigwa vituoni siku ile zilimpa Bradley uongozi mwembamba. Za posta ndizo zilizompa Deukmejian ugavana. Maana yake ni kwamba uchunguzi ule uliotabiri ushindi wa Bradley haukuwa umekosea mshindi miongoni mwa watu uliokutana nao. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba waliotoka vituoni ndio wapiga kura wote.

Pili, bunduki. Siku hiyo hiyo Wacalifornia walikuwa wanaamua pia Pendekezo namba 15, la kudhibiti bastola kwa kuzisajili. Bradley aliliunga mkono, Deukmejian alilipinga. Wenye bunduki wa Bonde la Kati na maeneo ya mashambani walijitokeza kwa wingi kuliko kawaida, wakalizamisha pendekezo hilo kwa zaidi ya asilimia 60, na walipokuwa na karatasi mkononi wakachagua na gavana. Mtafiti huwa anakisia ni akina nani watajitokeza kwa kuangalia chaguzi zilizopita. Uchaguzi uliopita haukuwa na bastola ndani yake. Bonde hilo hilo, kuzunguka Fresno, ndiko pia waliko Waarmenia wengi, waliomwona mmoja wao akigombea ugavana.

Tatu, pengo lilikuwa linapungua. Lance Tarrance, aliyekuwa mtafiti wa kampeni ya Deukmejian, alikuja kueleza mwaka 2008 kwamba hesabu zao za ndani zilionyesha mbio zikikaribiana hadi zikawa sawa kwa sawa siku za mwisho, na kwamba hakuona athari yoyote ya siri. Anayetaka anaweza kusema mtu wa upande ulioshinda lazima atetee ushindi wake. Ni haki kusema hivyo. Hata hivyo hesabu za posta na za bastola zipo bila yeye.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Kusema kwamba tafiti hazikudanganywa si kusema kwamba rangi haikuwa na kazi. Katika kampeni ile ile, Bill Roberts, meneja wa Deukmejian, aliwaambia waandishi wa habari kwamba anatarajia ushindi hata tafiti zikimwonyesha mtu wake yuko nyuma kidogo, kwa sababu wako wapiga kura wasiosema wazi kwamba hawamtaki Mweusi. Maneno hayo yalimtoa kazini. Hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya kila siku: ubaguzi kwenye sanduku la kura, na ubaguzi uliofichwa kwa mhoji. Mtu anayemkataa mgombea kwa sababu ya rangi yake na kumwambia mhoji bila kupepesa macho kwamba anamchagua yule mwingine haharibu utafiti hata kidogo. Utafiti utatoka sahihi kabisa, na ubaguzi utakuwa umeshinda. Ninapoona watu wakishangilia kwamba "athari ya Bradley imekufa" kana kwamba ubaguzi ndio umekufa, naona wamepima homa kwa kuangalia saa.

Miaka iliyofuata ilileta mifano iliyofanana vya kutosha kuwafanya watu waamini kuna kanuni. Chicago mwaka 1983, katika mbio za umeya, Harold Washington, Mdemokrat Mweusi, alimshinda Bernard Epton, Mrepublican Mweupe, kwa chini ya pointi 4, katika jiji ambalo Mdemokrat alizoea kushinda kwa kutembea. New York mwaka 1989, pia kwenye umeya, David Dinkins, naye Mweusi, alimpita Rudy Giuliani kwa pointi 2 hivi. Andrew Kohut, aliyekuwa akifanya utafiti wa kampuni ya maoni ya Gallup wakati huo, alikuja kukiri kwamba yeye alikuwa ametabiri pointi 15. North Carolina mwaka 1990, Harvey Gantt, Mweusi mwingine, alionekana kumpita kidogo seneta Jesse Helms. Kukaja tangazo la televisheni la mikono ya mtu Mweupe ikiikunja barua ya kukataliwa kazi, kazi aliyopewa, ilidaiwa, mtu wa rangi nyingine kwa sababu ya rangi. Helms akashinda.

Kohut aliendelea kulifikiria kosa lake kwa miaka mingi, na jibu aliloliona ni tofauti na uongo na tofauti na kunyamaza. Aliona tatizo ni wale wanaokata simu. Weupe maskini na wenye elimu ndogo hukataa kuhojiwa kuliko Weupe wengine, na wale wanaokataa huwa na mtazamo mbaya zaidi kwa Weusi kuliko wanaokubali. Mtafiti anapowakosa, hujaza nafasi yao na watu wa aina ile ile: Mweupe asiye na elimu kubwa aliyekubali kuongea anahesabiwa badala ya Mweupe asiye na elimu kubwa aliyekata simu. Kwenye karatasi wanalingana umri, shule na mtaa. Moyoni hawalingani. Hapa hakuna aliyeona haya mbele ya mhoji, kwa kuwa hakuna aliyeongea naye.

Halafu jambo lenyewe likatoweka, au likaonekana kutoweka. Daniel Hopkins, mwanasayansi ya siasa, alichambua chaguzi 180 za magavana na maseneta kuanzia 1989 hadi 2006. Kabla ya 1996 wagombea Weusi walipata pungufu ya walivyotabiriwa kwa kiasi cha kati cha pointi 3.1. Baada ya hapo pengo likawa halipo tena. Kwa wagombea wanawake hakuliona kabisa katika kipindi chote. Hopkins anaona kwamba mwaka 1996, Marekani ilipobadilisha mfumo wa misaada kwa maskini na uhalifu ukaanza kupungua kwenye vichwa vya habari, siasa ziliacha kuzungumza habari za rangi kwa mafumbo kila siku. Aligundua pia kitu ambacho wengi hukisahau: mgombea yeyote anayeongoza sana, awe Mweupe au Mweusi, huelekea kupungukiwa siku ya kura. Sehemu ya ile iliyoitwa athari ya Bradley ilikuwa kawaida ya kila anayetangulia.

Mimi naongeza sababu nyingine. Mwaka 1982 Mdemokrat Mweupe asiyetaka gavana Mweusi alikuwa na shida ya maelezo: chama ni chake, mgombea ni wa chama chake, sasa amwambie mhoji nini? Kadiri miaka ilivyokwenda, watu wa namna hiyo walihama wakawa Warepublican kamili. Mwaka 2008 aliyekuwa hamtaki Obama hakuhitaji kusema neno juu ya rangi. Alisema tu "mimi ni Republican", na ikawa kweli. Aibu ilipata pa kujisitiri, na tafiti zikapona.

Mwaka huo wa 2008 ndio uliokuwa mtihani mkubwa, na ulianza vibaya. Januari 8, katika mchujo wa Democrat wa New Hampshire, wastani wa tafiti ulimpa Obama asilimia 38 na Hillary Clinton 30. Clinton akashinda. Usiku ule ule jina la Bradley likarudi kwenye televisheni zote. Lakini tazama hesabu kwa jinsi tulivyosema, kila mmoja peke yake: Obama alipata asilimia 36 na nusu, karibu sawa na alivyotabiriwa. Clinton ndiye aliyeruka hadi 39. Watu hawakumhama Obama kwa siri. Waliokuwa hawajaamua na waliokuwa wa wagombea wengine walimwendea Clinton. Chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni wa Marekani, AAPOR, kiliunda kamati kuchunguza, na ripoti yake ya 2009 haikupata ushahidi wa kutosha wa kulaumu rangi. Ilitaja mambo ya kawaida zaidi: tafiti nyingi zilimaliza kuhoji mapema mno huku siku mbili za mwisho zikiwa na mambo mengi, wafuasi fulani walikuwa wagumu kupatikana, na kwenye karatasi ya kura jina la Clinton lilikuwa karibu na juu na la Obama karibu na chini.

Wiki mbili na nusu baadaye, South Carolina, mambo yakapinduka. Tafiti zilimpa Obama uongozi wa pointi kumi na kitu, naye akashinda kwa zaidi ya pointi 28. Wapiga kura Weusi, ambao ni wengi katika mchujo wa Democrat jimboni humo, walijitokeza na kumwelemea kuliko walivyokuwa wamewaambia wahoji. Haya si ya Weupe peke yao: katika jimbo lenye historia ile, Mweusi anayeulizwa na sauti asiyoijua naye ana sababu zake za kuweka siri. Kisha ikafika Novemba. Wastani wa tafiti za mwisho ulikuwa Obama mbele kwa pointi 7 na kitu. Akashinda kwa pointi 7 na kitu. Serikali ya Kenya ikatangaza siku ya mapumziko.

Kama bado unashawishika kwamba rangi ya mgombea ndiyo huziangusha tafiti, fikiria mwaka 2020. Joe Biden na Donald Trump wote ni Weupe, na AAPOR ilikuta makosa ya tafiti za kitaifa mwaka ule yalikuwa makubwa kuliko ya miaka 40 iliyotangulia, kwa jumla yakiupunja upande wa Trump. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni lile jibu la Kohut, limekua: wanaokata simu. Kituo cha utafiti cha Pew kilipopiga simu mwaka 1997, watu 36 katika kila 100 walikubali kuhojiwa. Mwaka 2018 walikuwa 6. Utafiti mzima wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 300 unategemea tabia za hao sita, na kuomba kwamba wale 94 wanafanana nao.

Huku kwetu kinachopita kwenye simu si rangi, ni jina. Mhoji anapojitambulisha, jina la ukoo na lafudhi yake vinasema ametoka wapi. Wanazuoni waliochambua takwimu za Afrobarometa, mtandao wa tafiti za maoni barani, kutoka nchi zaidi ya kumi za Afrika waliona kwamba mtu anayehojiwa na mhoji wa kabila tofauti na lake hujibu tofauti na anayehojiwa na wa kabila lake, hasa maswali yakigusa ukabila na siasa. Ni kitu kile kile cha Virginia mwaka 1989. Mtu anaangalia mbele yake amekaa nani, kisha anachagua jibu ambalo halitamwudhi wala kumponza.

Agosti 2022 tafiti nyingi za mwisho nchini Kenya zilimweka Raila Odinga mbele, na William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Watu waliulizana mitandaoni nani alidanganya. Swali ambalo ningeanza nalo mimi ni jingine: katika tafiti zile, waliosema hawajaamua na waliokataa kutaja jina walikuwa wangapi, waliishi wapi, na aliyewauliza alikuwa anaitwa nani?